Toka sufuria mpaka kitabu: mwongozo kamili wa kutengeneza kitabu cha hadithi na watoto wako, hapa Lubumbashi

Kazi yangu ni kuandika hadithi za watoto, na wamama na wababa wa hapa mjini wananiuliza sana watapata wapi kitabu cha Kiswahili cha mtoto wa miaka mitano, maana vile viko dukani vingi ni vya Kifaransa. Mimi nawajibu: kitengeneze wewe mwenyewe na watoto wako, na usianzie mezani na biki mkononi, anzia kwa mbabula, lile jiko la makaa. Sisemi hivo juu ya kukosa pesa tu, hata mwenye nazo namwambia vile vile. Chakula kinapopikwa tayari ni hadithi: kuna mtu anatamani kitu, kuna kazi, kuna kungoja, kuna kitu kinageuka mbele ya macho ya watu, halafu wanakula. Ukishika huo mstari nusu ya uandishi imekwisha. Kalulu, yule sungura mjanja wa hadithi, nampenda, wankambo wetu (babu na bibi zetu) walitulea naye, ila Kalulu anataka mitego na mizunguko mingi na mtu anayeandika mara ya kwanza anapotea njiani. Uji hauna mizunguko.

Vitu vya kutafuta ni hivi: karatasi nne za A4, moja ngumu ya jalada (hata ya boksi la biskuti inafaa), sindano na uzi wenye nguvu, biki nyeusi, simu yoyote inayorekodi sauti, unga wa muhogo kidogo wa kupika gundi, makala (makaa), na udongo mwekundu wa kichuguu. Kwa udongo hapa kwetu hakuna shida, Katanga nzima imejaa vichuguu, vingine vinapita paa la nyumba. Kwa muda, kupika ni Jumamosi, maandishi ni Jumapili, rangi na kushona mnafanya jioni zinazofuata, pole pole, bila kukimbiza mtu.

Hatua ya 1: Chagua chakula chenye siri ndani

Si kila chakula kinatoa kitabu. Bukari (ugali), pamoja na heshima yake yote, inaiva haraka mno, mtoto anageuka tu kutafuta sandali zake anakuta imekwisha kugeuzwa kwenye sahani. Unatafuta chakula chenye kungoja na chenye kugeuka.

Sombe inafaa sana. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, na kuyatwanga kwenye kinu ndiko kunaifungua ile sumu itoke, halafu moto unaimaliza ikipanda na mvuke, ndo maana mama mkubwa akichemsha sombe anaacha sufuria wazi mwanzoni na hataki mtu afupishe muda. Mtoto ukimwambia kama ndani ya sufuria kuna adui anatoka na moshi, hatatoka jikoni tena. Vitumbula navyo ni vizuri: unga, maji, sukari, hamira, unafunika na kitambaa, na kile kitambaa kinaanza kuinuka chenyewe. Shida ya vitumbula ni mafuta ya moto, kwa hiyo sehemu ya mwisho mtoto anaiangalia toka mlangoni, na hiyo lazima iwe sheria.

Ila kama ni kitabu cha kwanza mimi nasema munkoyo, bila kusita. Kwa asiyeijua, unapika uji wa unga wa mahindi mpaka unakuwa mzito na kuiva kabisa, unauacha upoe mpaka uvuguvugu, kidole kivumilie, halafu unaweka mizizi ya munkoyo iliyooshwa na kupondwa, unakoroga. Na ule uji mzito, wa kusimamisha mwiko, unaanza kulegea na kulegea mpaka unakuwa kinywaji. Hakuna mtu aliongeza maji! Mizizi ile ina vimeng'enya vinavyokata wanga wa mahindi vipande vipande, na vipande vingine vinakuwa sukari, ndo maana ukionja unakuta utamu ambao hukuweka. Uji ukiwa wa moto sana mizizi haitafanya kazi, moto unaviua vile vimeng'enya, kwa hiyo kupoza si mapambo. Baadaye unatoa mizizi, unafunika, unaacha mpaka kesho yake. Watoto wanywe siku hiyo ya kesho, maana ikikaa inazidi kuwa chachu na kuingia kilevi kidogo, hapo inabaki ya watu wakubwa.

Mizizi unaipata hapa mjini, kwenye soko la Kenya ao la Njanja, uliza wamama wanaouza mizizi na dawa za miti. Mpeleke mtoto na wewe. Soko lenyewe litakupa kurasa mbili za bure.

Hatua ya 2: Pika, na kila mmoja apewe kazi yake kweli kweli

Nasisitiza kweli kweli, juu watoto wanajua ukiwapa kazi ya uongo. Wa miaka mitatu mpaka mitano anaosha mizizi kwenye beseni, anachambua maharagi, anachana majani. Wa sita mpaka nane anaponda na anakoroga kitu ambacho hakiko motoni. Yaya (kaka ao dada mkubwa) wa miaka tisa ao kumi anaweza kukaa karibu na mbabula pamoja na mtu mkubwa na kazi yake ni kuangalia moto na kuwafukuza wadogo. Mpini wa sufuria geuza ndani siku zote.

Na kama ni mwezi wa sita ao wa saba, kipindi cha baridi, mtu atataka kuingiza mbabula ndani ya nyumba ili kazi iendelee kwenye joto. Usifanye. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala, pikeni nje ao kwenye baraza, mvae masweta.

Nkambo akiwepo mwachie yeye uongozi, wewe uwe msaidizi tu. Kwanza anajua zaidi, halafu nkambo akipika anaongea, na maneno yake ndo tunayatafuta.

Hatua ya 3: Rekodi, usiandike

Weka simu kwenye rafu, mbali na moshi na maji, bonyeza rekoda, isahau. Ukichukua kaye (daftari) na biki watoto wanaanza kuongea kama wako mbele ya mwalimu. Ukiwaacha wanatoa vitu ambavyo wewe mwandishi mkubwa hutavipata hata ukikesha. Mtoto anaangalia munkoyo anauliza, "Nkambo, ile uji ilienda wapi?" Swali kama hilo tayari ni ukurasa mzima, na ni swali la mwanasayansi pia.

Usiku wakilala sikiliza. Usiandike kila kitu, chukua maswali, ubishi, sauti za vitu (puu, puu ya mchi, shwaa ya maji) na maneno yaliyorudiwa rudiwa. Kile mtoto alichorudia ndicho kitakuwa kiitikio cha kitabu. Mara nyingi ni "Iko tayari?" na jibu ni "Bado". Basi, umepata.

Hatua ya 4: Kata hadithi kwenye kurasa 16

Hapa ndo watu wengi wanachoka, lakini fuata tu. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati na kuwekwa moja ndani ya nyingine zinatoa kurasa 16. Zikunje kwanza, zipange, halafu andika namba ndogo na penseli kwenye kila ukurasa kabla ya kuzitenganisha, maana ukitenganisha kabla utakuta ukurasa wa 2 na wa 15 wako upande mmoja wa karatasi na kichwa kitauma. Ndivyo ilivyo: karatasi ya nje inabeba 1, 2, 15 na 16, inayofuata 3, 4, 13, 14, ya tatu 5, 6, 11, 12, na ya ndani kabisa 7, 8, 9, 10. Karatasi ile ya ndani ina faida moja kubwa, ukurasa wa 8 na wa 9 ni kipande kimoja kisichokatika, kwa hiyo picha kubwa kuliko zote weka pale.

Jambo la pili, na kwangu ndilo la maana kuliko yote katika kitabu cha mtoto: kugeuza ukurasa. Namba zisizogawanyika kwa mbili, yaani 3, 5, 7, 9, ziko mkono wa kuume, na mtu akimaliza pale lazima ageuze. Kwa hiyo swali weka mkono wa kuume, jibu lifiche nyuma yake. Mtoto atajifunza kushika kona ya karatasi kabla ya kujua herufi hata moja, na atabisha na wewe ni nani anageuza.

Maneno yawe machache, sentensi fupi fupi chache tu kwa kila ukurasa. Angalia mfano huu wa munkoyo, ukurasa wa 1 ukiwa wa jina la kitabu na wa 2 wa majina ya waliokitengeneza, nkambo na wadogo wote, hata yule aliyekula sukari tu:

3: Mwadi anasema, "Nkambo, niko na kiu ya munkoyo."
4: Nkambo anacheka. "Munkoyo haitokake kwa robine, mtoto wangu."
5: Wanaenda sokoni. Mama wa kuuza anauliza, "Munatafuta nini?"
6: Mizizi! Ina harufu ya udongo wa mvua.
7: Uji unaiva. Mzito! Mwiko unasimama peke yake. Nani atakunywa hii?
8 na 9: (picha tu: mizizi inaingia ndani ya sufuria, watu wote wanaangalia)
10: "Nkambo, iko tayari?" "Bado."
11: "Nkambo, iko tayari?" "Bado." Mwadi anafunua kifuniko kidogo, kidogo sana. Anaona nini?
12: Mayi! Uji iligeuka mayi!
13: Usiku wote wanalala. Lakini ndani ya sufuria... pu, pu, pu. Ni nani?
14: Ni povu. Munkoyo inapumua.
15: Asubuhi. Kikombe cha Nkambo, kikombe cha Mama, kikombe cha Yaya. Cha Mwadi kiko wapi?
16: Kiko tupu. Alishakunywa!

Ona kama hakuna mahali kitabu kinasema "watoto muheshimu wakubwa" ao "tupende vyakula vya asili". Usiweke. Mtoto ananusa somo toka mbali na anafunga kitabu. Heshima iko mle mle kwenye namna Mwadi anavyosema na nkambo yake, inatosha.

Hatua ya 5: Kiswahili kipi?

Watu wanagombana sana juu ya hili na mimi nina upande wangu. Maneno ya watu wanaoongea yaandike vile yanasemwa nyumbani, "Uji iligeuka mayi", na maneno ya msimulizi yawe ya kati, yale mtoto wa Kolwezi na wa Bukavu wote wataelewa. Mwalimu mmoja alishaniambia hivo ni kuharibu watoto. Sikubali, mtoto anajua vizuri sana kutofautisha jikoni na darasani. Na kuandika Kiswahili cha hapa si kitu kipya, mwaka 1965 wazee waliokuwa wanafanya kazi za nyumbani kwa wazungu waliandika historia ya mji huu, wakati ule ukiitwa Elisabethville, kwa Kiswahili chao chao, wakaipiga kwa mashini, na leo maprofesa wa mbali wanaisoma. Angalia tu neno moja usiliandike leo hivi na kesho vile, ukianza na "mayi" baki na "mayi" mpaka ukurasa wa mwisho.

Hatua ya 6: Picha, na rangi za jikoni

Gundi kwanza. Kijiko kimoja kikubwa cha unga wa muhogo, kikombe kimoja cha maji baridi, koroga mpaka vidonge viishe ndo uweke motoni, endelea kukoroga mpaka ibadilike toka nyeupe ianze kung'aa. Ipoe. Hiyo ni gundi na ndiyo pia itashikisha rangi kwenye karatasi.

Rangi: udongo wa kichuguu ukaushe, uponde, uchekeche kwa kitambaa cha nguo ya zamani mpaka unabaki vumbi laini, changanya na gundi na maji kidogo, unapata nyekundu ile ile ya barabara zetu wakati wa kiangazi. Makala yaliyopondwa yanatoa nyeusi, majivu yanatoa kijivu, binzari inatoa manjano. Kijani cha lengalenga (mchicha) kinavutia siku ya kwanza ila kinageuka kahawia, na betravu (bitiruti) inapauka ukiiacha kwenye jua. Udongo na makala havipauki, kwa hiyo vitu vikubwa vya picha vipakwe na hivyo, hizo zingine ni za kufurahia.

Kama watoto wanasema hawajui kuchora, waambie habari ya Hangar. Mwaka 1946, hapa hapa mjini, Mfaransa anaitwa Pierre Romain-Desfossés alifungua hiyo Hangar, atelie ya wachoraji, na badala ya kuwafundisha vijana kuiga picha za Ulaya aliwaacha kila mmoja atafute mkono wake. Pili Pili Mulongoy akawa na samaki na ndege zake kwenye majani na maji yaliyojaa alama ndogo ndogo, Mwenze Kibwanga akawa na vimistari vifupi vifupi vinavyojaza picha nzima, na Bela Sara akaacha burashi kabisa akapaka na vidole. Picha zao zimefika mamuzé (nyumba za makumbusho) ya Ulaya. Kwa hiyo mtoto wako wa miaka minne anayetumbukiza kidole ndani ya udongo yuko kwenye njia inayojulikana, mpe karatasi.

Gawa kurasa, kila mtoto na zake, na usimsahihishe mtu eti nkambo ana vidole saba. Wewe mkubwa kazi yako ni maandishi tu, yaandike na biki nyeusi, herufi kubwa kubwa na nafasi. Acha chini ya ukurasa, kama vidole viwili hivi, bila picha wala neno, ndo mahali mkono wa msomaji unashika.

Halafu jambo ambalo litakuokoa: kabla ya rangi, wachore mistari tu na biki nyeusi, na upeleke karatasi kwa wenye mashini ya fotokopi. Mwambie wazi ni mbele na nyuma, na angalia yeye akifanya nakala ya kwanza kama kichwa cha picha hakikugeuka chini. Sasa una kitabu mara tano ao sita, kila mtoto anapaka rangi nakala yake, na nyingine zinaenda kwa wabinamu Likasi na Kipushi. Ukipaka rangi kabla, mashini itakupa kijivu tu.

Hatua ya 7: Kushona

Panga karatasi zako na jalada nje, fungua katikati, toboa matundu matatu kwenye mkunjo na sindano, moja katikati, moja juu, moja chini. Uzi urefu wa kitabu mara tatu. Ingiza toka ndani kwenye tundu la katikati, uache mkia ndani, utokee nje. Nje panda mpaka tundu la juu, ingia ndani. Ndani shuka moja kwa moja, ruka la katikati, tokea nje kwenye la chini. Nje rudi katikati, ingia ndani. Sasa ncha mbili za uzi ziko ndani pamoja na uzi mrefu unapita kati yao, funga fundo juu ya huo uzi, vuta, kata. Imekwisha. Wenye agrafezi ya kawaida (kile kifaa cha kubana karatasi na pini) watasema ni rahisi zaidi, lakini pini zake zinashika kutu kipindi cha mvua na zinakwaruza watoto, na mara nyingi mkono wake haufiki katikati ya A4. Uzi.

Weka kitabu chini ya kitu kizito, mfuko wa unga unafaa, kilale hapo mpaka asubuhi.

Hatua ya 8: Kusoma

Msomaji wa kwanza si wewe. Mpe mtoto mkubwa aliyekwisha kujua herufi awasomee wadogo, wewe kaa sikiliza, na pale anakwama mara mbili, sentensi ni ndefu, ikate kwenye nakala zinazofuata. Wadogo watakisoma kichwani baada ya jioni chache, watajua "Bado" inakuja wapi na wataipiga kelele. Umeme ukikatika ni vizuri zaidi, tochi ya simu inaangazia ukurasa mmoja tu na hakuna televizio ya kushindana nayo.

Kwa ndugu walio mbali piga picha kurasa moja moja mchana, karibu na dirisha, zitume kwa WhatsApp kwa utaratibu wa namba, na uongeze sauti ya nkambo akisoma. Wengine watakutumia majibu na chakula chao: chikanda (ya mizizi ya porini), kalembula (majani ya viazi vitamu), bowa (uyoga) la mvua za kwanza, inswa (kumbikumbi) wanaoruka kwenye taa mwezi wa kumi na moja. Inswa hao nawaweka juu kabisa ya orodha ya kitabu cha pili, maana kuna kukimbia, kuna beseni la maji chini ya taa, kuna mabawa kila mahali, na hakuna mtoto anayekataa kazi.

Kuhusu kutunza: gundi ya muhogo ni chakula, mende na panya wanajua hilo kabla yako, kwa hiyo vitabu visilale jikoni, viweke ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, ndani ya chumba kikavu. Ukurasa ukipasuka usimpige mtu, kata kamkanda ka karatasi nyembamba, paka gundi ile ile, bandika nyuma, acha ikauke kwanza ndo ukirudishe mikononi mwao.